Serikali Itoe Sababu: Majimbo ya Marekani na Ulinzi wa Uhuru wa Dini

Uhuru wa dini nchini Marekani hulindwa na sheria za ngazi mbili, na ngazi inayotajwa zaidi siyo lazima iwe ndiyo yenye nguvu zaidi. Ya kwanza ni Katiba ya taifa, ambayo Marekebisho yake ya Kwanza, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanalikataza Bunge kuanzisha dini ya dola au kuwazuia watu wasifuate dini zao. Ya pili ni sheria za majimbo 50 yanayounda taifa hilo, ambapo kila jimbo lina katiba yake, bunge lake, gavana wake na mahakama yake ya juu, tofauti na mikoa ya Tanzania au kaunti za Kenya, ambazo hazina katiba zake zenyewe. Tangu miaka ya 1990 sehemu kubwa ya ulinzi wa waumini imehamia kwenye ngazi hiyo ya pili, na takriban majimbo 30 sasa yana sheria mahususi inayoibana serikali pale inapomlemea mtu katika dini yake. Wapo wanaozieleza sheria hizo kana kwamba zinampa muumini ruhusa ya kukiuka amri yoyote asiyoipenda, na wapo wanaoziona kuwa ni chambo cha malumbano ya kisiasa tu. Kazi yake halisi ni ndogo kuliko hiyo na ina maana zaidi, kwa sababu zinaitwisha serikali wajibu wa kujieleza, isije ikamwambia mwananchi kwamba sheria ni sheria na kuishia hapo.

Mzigo hutoka wapi

Ni nadra kwa serikali ya Marekani kupiga marufuku ibada waziwazi. Mzigo juu ya dini hutokea kwa njia za kawaida kabisa, kama vile kanuni ya shule kuhusu urefu wa nywele, mpango wa mji usioruhusu nyumba ya ibada katika mtaa fulani, kanuni ya barabarani kuhusu alama za vyombo vya usafiri, au utaratibu wa bima unaolipia tiba ya aina moja na kuiacha nyingine. Waliotunga kanuni hizo mara nyingi hawakuikusudia dini yoyote, na pengine hawakujua hata kwamba waumini wa namna hiyo wapo, lakini muumini mwenyewe hujikuta njia panda: atii imani yake apate adhabu, au atii kanuni na kuikosea imani yake.

Jibu la kwanza lenye uzito kwa hali hiyo lilitolewa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1963, katika shauri la Sherbert dhidi ya Verner. Adell Sherbert alikuwa Msabato aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo huko South Carolina, na kiwanda kilipotaka wafanyakazi waingie kazini Jumamosi pia, alikataa, akafukuzwa. Alipoomba mafao ya kukosa kazi, jimbo lilimnyima kwa hoja kwamba alikataa kazi bila sababu ya msingi. Mahakama ilisema kwamba kumlazimisha mtu achague kati ya imani na riziki yake ni sawa na kumtoza faini kwa kuabudu siku ya Jumamosi, na kwamba jimbo lingeweza kufanya hivyo iwapo tu lingethibitisha kuwapo kwa maslahi ya lazima, yaani jambo la umma lenye uzito mkubwa kiasi kwamba haliwezi kulegezwa. Mwaka 1972, kwa kipimo hichohicho, mahakama iliwaruhusu Waamish wa Wisconsin, ambao ni Wakristo wanaoishi zaidi kwa kilimo na kujitenga na mambo mengi ya kisasa, wawaondoe watoto wao shuleni baada ya darasa la nane.

Mwaka 1990 mahakama hiyo iligeuka. Katika shauri lililotoka jimbo la Oregon, Alfred Smith na Galen Black, waumini wa Kanisa la Wenyeji wa Asili wa Amerika, walifukuzwa kazi ya kuwashauri waathirika wa dawa za kulevya kwa sababu walitumia peyote, mmea wa jamii ya dungusi kakati unaolevya na ambao katika kanisa hilo huliwa kama sakramenti. Kisha wakanyimwa mafao ya kukosa kazi. Jaji Antonin Scalia, akiandika kwa niaba ya majaji walio wengi, alisema kwamba sheria ikiwa haielekezwi kwa dini yoyote na inawahusu watu wote kwa usawa, Katiba ya taifa haimpi muumini haki ya kusamehewa, hata kama inamlemea namna gani. Hakusema kwamba misamaha ya kidini ni haramu, bali kwamba anayepaswa kuitoa kwa kawaida ni bunge na siyo jaji, na bunge la Oregon lilifanya hivyo mwaka uliofuata kwa kuruhusu matumizi ya peyote katika ibada.

Hukumu hiyo iliwaunganisha watu ambao kwa kawaida hawaketi meza moja, wakiwamo wainjilisti, Wayahudi, Waislamu, Wakatoliki na mashirika ya kutetea haki za raia. Kwa msukumo wao, Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Kurejesha Uhuru wa Dini, ambayo katika Seneti iliungwa mkono kwa kura 97 dhidi ya 3, na Rais Bill Clinton akaitia saini Novemba 1993. Sheria hiyo ilirejesha kipimo cha mwaka 1963 na ilikusudiwa kuzibana serikali zote, za taifa na za majimbo, lakini upande wa majimbo haukudumu. Huko Boerne, mji mdogo wa Texas, Askofu Mkuu Patrick Flores aliomba kibali cha kupanua kanisa la Mtakatifu Petro lililokuwa limeelemewa na wingi wa waumini, na mamlaka ya mji ikamnyima kwa sababu jengo lilikuwa katika eneo la hifadhi ya kihistoria. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1997, majaji waliamua kwamba Bunge la taifa lilivuka mamlaka yake lilipoyapangia majimbo kipimo hicho. Tangu hapo sheria ya mwaka 1993 inaifunga serikali ya taifa peke yake, huku shule, polisi na halmashauri za miji, yaani serikali ambayo mwananchi hukutana nayo kila siku, zikibaki nje ya mikono yake. Bunge liliziba sehemu ya pengo hilo mwaka 2000 kwa sheria nyingine inayohusu matumizi ya ardhi na watu walio kifungoni, na ndiyo iliyomwezesha mfungwa Mwislamu wa Arkansas kuruhusiwa mwaka 2015, kwa kauli moja ya majaji, kufuga ndevu za nusu inchi. Sehemu iliyobaki ya pengo iliachiwa majimbo.

Maswali manne ya mahakama

Connecticut na Rhode Island zilikuwa zimetunga sheria zao tangu mwaka 1993, lakini wimbi lenyewe lilikuja baada ya hukumu ya Boerne. Florida na Illinois zilitunga zao mwaka 1998, Texas, Arizona na South Carolina mwaka 1999, na Pennsylvania mwaka 2002, na baada ya hapo majimbo mengine yalifuata kidogo kidogo hadi Georgia na Wyoming mwaka 2025. Alabama ilikwenda mbali zaidi kwa kuuingiza ulinzi huo katika katiba yake mwaka 1998. Maneno ya sheria hizi hutofautiana, lakini nyingi zimejengwa juu ya maswali manne, na jambo la kuangaliwa zaidi ni nani anapaswa kujibu lipi.

Maswali mawili ya kwanza humhusu muumini, ambaye ni lazima aonyeshe kwamba jambo analolitetea linatokana na imani ya dini aliyo nayo kwa dhati, kisha aonyeshe kwamba kitendo cha serikali kinamlemea kwa kiwango kikubwa na siyo kumletea usumbufu tu. Majaji hawaulizi kama imani hiyo ni sahihi, wala kama viongozi wengine wa dini hiyohiyo wanaikubali, bali huuliza kama mlalamikaji anaiamini kweli au ameibuni ili akwepe sheria. Akivuka hapo, zamu huwa ya serikali, ambayo ni lazima ithibitishe kwamba ina maslahi ya lazima katika kumbana mtu huyo hasa, kisha ithibitishe kwamba hakuna njia nyingine yenye kubana kidogo zaidi ambayo ingeyafikia maslahi hayo. Serikali ikishindwa kujibu moja kati ya hayo mawili, sheria yenyewe haifutwi. Inabaki kuwabana watu wote isipokuwa muumini aliyeshinda katika hali yake ile.

Texas: mji, mbuzi na nywele

Jimbo la Texas linafaa kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa mashauri yake yanaonyesha namna kipimo hicho kinavyofanya kazi katika mambo ya mtaani. Katika mji mdogo wa Sinton, mchungaji Richard Barr alitumia nyumba mbili zilizo mkabala na kanisa lake kuwahifadhi wanaume waliotoka gerezani kwa makosa madogo, akiwapa malazi na mafundisho ya dini hadi waweze kujitegemea. Halmashauri ya mji ikatunga sheria ndogo iliyokataza makazi ya namna hiyo ndani ya futi 1,000, sawa na takriban mita 300, kutoka eneo la makazi ya watu, shule, bustani ya umma au kanisa, na katika mji mdogo kiasi hicho ilikuwa vigumu kupata mahali panapokidhi masharti hayo yote. Mji ulijitetea kwamba huduma hiyo ni ya kijamii na siyo ibada, na kwamba mchungaji angeweza kuiendesha kwingineko. Mahakama ya Juu ya Texas ilizikataa hoja hizo mwaka 2009, ikieleza kwamba tendo linaweza kuwa la kidini hata kama watu wasio na dini nao hulifanya, kwamba nafasi ya kwenda kwingineko ilikuwa ya kufikirika tu, na kwamba serikali haiwezi kutaja usalama wa umma kwa jumla na kudhani imethibitisha kitu, bali ni lazima ionyeshe hatari iliyoletwa na nyumba zile mbili.

Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya taifa ilitumia sheria hiyo ya Texas katika shauri la Jose Merced, kuhani wa Santería katika mji wa Euless, ulio kati ya Dallas na Fort Worth. Santería ni dini yenye asili ya Wayoruba wa Afrika Magharibi, iliyokua miongoni mwa Waafrika waliopelekwa utumwani Cuba, na kumsimika kuhani mpya kunahitaji kuchinja mbuzi, kuku na wanyama wengine mahali penye madhabahu, ambapo kwa Merced palikuwa nyumbani kwake. Mji ulikuwa na sheria ndogo inayokataza kuchinja wanyama, na ulitaja afya ya umma pamoja na ukatili kwa wanyama. Hata hivyo Merced alikuwa ameendesha ibada hizo kwa miaka 16, na mji haukuweza kuonyesha ugonjwa wala madhara yoyote yaliyotokana nazo, hivyo ulishindwa. Mwaka 2010 mahakama hiyo ilimpa haki mtoto wa chekechea wa jamii ya Wenyeji wa Asili katika wilaya ya shule ya Needville, ambaye familia yake huamini kwamba nywele hazikatwi bila sababu nzito kama vile msiba, wakati shule ilimtaka aufiche msuko wake ndani ya shati au aufunge kichwani. Shule ilitaja usafi, usalama na nidhamu, lakini haikuonyesha namna msuko wa mtoto huyo ulivyovihatarisha.

Mashauri yote matatu yanafanana katika jambo moja: sababu zilizotolewa na serikali zilikuwa nzuri zikisemwa kwa jumla, na zilianguka zilipodaiwa ushahidi. Yanafanana pia kwa kuwa walioitumia sheria hiyo walikuwa watu wachache wasio na uzito wa kura, ambao hawangeweza kulishawishi bunge liwaandikie msamaha wao peke yao, na hapo ndipo faida ya sheria ya jumla inapoonekana kuliko misamaha inayotungwa mmoja mmoja kwa wale wanaojulikana na wabunge.

Majimbo yanayotegemea katiba zake

Yapo majimbo ambayo hayana sheria ya namna hii lakini mahakama zake zimeisoma katiba ya jimbo kwa njia inayowalinda waumini kuliko ilivyosomwa Katiba ya taifa, kwa kuwa jimbo linaruhusiwa kutoa haki zaidi ya zile za taifa, ingawa haliruhusiwi kuzipunguza. Huko Minnesota baadhi ya Waamish walikataa kubandika kwenye magari yao ya kukokotwa na farasi kibao cha pembetatu chenye rangi kali ya machungwa, wakisema kwamba rangi hiyo ni majivuno na kwamba kukitegemea ni kuweka tumaini katika alama za kidunia. Badala yake walikubali kutumia utepe mweupe unaoakisi mwanga pamoja na taa nyekundu. Hukumu ya kwanza iliyowapa haki ilirudishwa na Mahakama ya Juu ya Marekani ifikiriwe upya baada ya shauri la peyote, lakini mahakama ya jimbo iliwapa haki tena mwaka 1990, safari hii kwa kutumia katiba ya Minnesota, kwa sababu jimbo halikuthibitisha kwamba utepe na taa visingetosha.

Waamish wa Kentucky walileta dai kama hilo na hawakufanikiwa. Baadhi yao walifungwa jela kwa kukataa kulipa faini, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba katiba ya Kentucky haitoi ulinzi zaidi ya ule wa taifa, na kwamba ilitosha kwa kanuni ya barabarani kuwa na mantiki. Bunge la jimbo lilikuwa limekwisha kuirekebisha kanuni hiyo mwaka huohuo ili utepe ukubalike, na mwaka 2013 likatunga sheria ya uhuru wa dini na kuipitisha juu ya kura ya turufu ya Gavana Steve Beshear. Dini ni ileile, kibao ni kilekile, na matokeo yalitofautiana kwa sababu mpaka wa jimbo ulikuwa katikati.

Shauri la Kansas la mwaka 2011 linaonyesha upungufu mwingine. Mwanamke mmoja wa Mashahidi wa Yehova, ambao imani yao hukataza kuongezewa damu, alihitaji kupandikizwa ini bila kutiwa damu, tiba iliyopatikana katika jimbo jirani la Nebraska, lakini mpango wa umma wa bima ya afya ulikataa kulipia nje ya jimbo. Mahakama ya Rufani ya Kansas, ikitegemea katiba ya jimbo, iliona kwamba kukataa huko kulimlemea katika dini yake bila sababu ya kutosha. Alishinda, ila alifariki mwaka uliofuata bila kupata ini, kwani mashauri huchukua muda ambao mgonjwa hana.

Wanaoshindwa, na wanaobeba gharama

Kuwapo kwa sheria hizi hakumaanishi kwamba muumini hushinda kila mara. Huko Boca Raton, Florida, familia za Wakristo na Wayahudi ziliweka misalaba, sanamu na nyota za Daudi zilizosimama juu ya makaburi ya ndugu zao, ilhali kanuni za makaburi ya mji ziliruhusu vibao vya kulala tu. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ya Florida ilisema kwamba mzigo mkubwa ni ule unaomlazimisha mtu afanye linalokatazwa na dini yake au unaomkataza linaloamriwa nayo, na ikaona kwamba kanuni hizo hazikufika kiwango hicho. Arizona nayo mwaka 2009 ilimkatalia mtu aliyekamatwa akivuta bangi ndani ya gari huku akiendesha na kudai kuwa ni sakramenti ya kanisa lake. Mahakama haikukanusha kwamba aliiamini dini hiyo, bali ilisema kwamba anayedai haki ya kuvuta wakati wowote na mahali popote haiachii serikali njia yoyote nyepesi kuliko katazo lenyewe.

Mgogoro mkubwa zaidi huzuka pale ambapo gharama ya msamaha haibebwi na serikali bali na mtu wa tatu. Mbuzi wa Merced na msuko wa mtoto wa Needville havikumpunguzia jirani yeyote haki yake, lakini mfanyabiashara anayekataa kumhudumia mteja kwa sababu za dini humgusa mteja huyo moja kwa moja. Mahakama ya Juu ya New Mexico iliamua mwaka 2013, katika shauri la kampuni ya wapiga picha iliyokataa kupiga picha za sherehe ya wapenzi wa jinsia moja, kwamba sheria ya uhuru wa dini ya jimbo hilo haihusu kesi kati ya watu binafsi ambamo serikali si mdaawa. Miaka miwili baadaye Indiana iliandika kinyume chake, kwa kuruhusu sheria yake itumike kama utetezi hata pale serikali isipokuwa katika shauri, na kwa kuyajumuisha makampuni. Gavana Mike Pence aliitia saini Machi 26, 2015, yakafuata maandamano na vitisho vya makampuni kuondoa shughuli zao, na siku chache tu baadaye, Aprili 2, akatia saini marekebisho yaliyosema kwamba sheria hiyo haitoi ruhusa ya kuwanyima watu huduma kwa misingi ya ubaguzi. Texas ilikuwa imeweka mpaka kama huo tangu mwaka 1999, kwa kuandika ndani ya sheria kwamba kwa ujumla haiwi utetezi katika madai ya haki za raia.

Sheria hizi hazibaki mikononi mwa waliozitunga. Indiana ilipopiga marufuku sehemu kubwa ya utoaji mimba mwaka 2022, kundi la wanawake, wakiwamo Wayahudi wanaoamini kwamba dini yao huweka mbele uhai na afya ya mama, lilikwenda mahakamani kwa kutumia sheria ileile ya mwaka 2015, na Mahakama ya Rufani ya jimbo ikakubali mwaka 2024 kwamba wapewe zuio la muda. Waliopigania sheria hiyo bungeni hawakuitunga kwa ajili ya walalamikaji wa namna hiyo, ila kipimo kinachouliza dhati ya imani bila kuuliza ni imani gani hakiwezi kuchagua wateja wake.

Kutokana na hayo, ubora wa sheria ya jimbo hauonekani katika jina lake, ambalo karibu kila mahali ni lilelile, bali katika vifungu vinavyosomwa na wachache: kama inasema mzigo wowote au mzigo mkubwa, kama inaibana serikali tu au pia watu binafsi, kama inataja haki za watu wa tatu, na kama mshindi hulipwa gharama za wakili. Texas kwa mfano humtaka mlalamikaji kwa kawaida aiarifu serikali siku 60 kabla ya kufungua shauri, na huweka kikomo cha fidia cha dola 10,000, masharti yanayozifanya pande zote zipendelee maelewano kuliko kesi. Kwa Msabato, Mwislamu au Mpentekoste aliyehamia huko kutoka Afrika Mashariki, anwani ya makazi yake ndiyo inayoamua kama ofisa wa shule au wa halmashauri atalazimika kumpa sababu yenye ushahidi au ataweza kumwonyesha kanuni na kufunga faili. Sheria inayomlazimisha ofisa huyo kujibu haimhakikishii muumini ushindi, na mahali ambapo madai yake yanamwangukia mtu mwingine haipaswi kumhakikishia. Inachokihakikisha ni kwamba akishindwa, atakuwa ameshindwa na sababu iliyothibitishwa mbele ya mahakama, wala si na mazoea ya ofisi.